Fimbo Sita za Kimo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Sawasawa, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Jina lilimpata kazini, enzi za useremala. Kila alipomaliza kupima ubao alirudisha tepu ndani ya kopo lake, akachomeka penseli sikioni, akasema, "Sawasawa." Akishalitamka neno hilo hakuna aliyepima tena. Milango yake ilifungwa kwa kidole kimoja na droo zake hazikung'ang'ania msimu wa mvua. Watu walitania kwamba akialikwa harusini huipima meza kwanza ndipo akae.

Kisha msumeno wa meza ulimchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, ubao wa kawaida, kazi aliyoifanya mara elfu. Tangu siku hiyo aliogopa kila kitu kinachonguruma. Mkewe akiwasha mashine ya kusagia matunda jikoni, mzee huyo anatoka uani kama aliyeitwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyumba ya siku hizi imejaa ung'ongo.

Karakana ilikaa miaka mitatu imefungwa. Ndipo binti yao akamletea sanduku.

"Baba, hii ni mashine ya leza," alisema. "Inaandika juu ya mbao kwa mwanga. Haina meno."

Ilikuwa fremu ya alumini ya mraba yenye miguu minne mifupi, na kichwa kidogo kuliko pakiti ya chumvi kinachotembea juu ya reli kikivutwa na mikanda ya mpira. Unachora kwenye kompyuta, unavaa miwani ya kijani, na mwanga mwembamba unauunguza ubao mstari baada ya mstari. Sawasawa aliona siku ile ile kwamba mikanda ina meno, madogo kama ya panya, ila hakutaka kumvunja binti yake moyo.

Akajifunza polepole. Alichora majina ya watu kwenye mbao za kukatia mboga, namba za milango, vibao vya "Tafadhali vua viatu". Lakini hakuwahi kukaa karibu nayo. Akibonyeza kitufe cha kuanza, anarudi nyuma hadi mlangoni, anasimama na mpini wa ufagio mkononi, tayari kuzima swichi ya ukutani kwa mbali.

"Unapigana nayo?" mkewe alimuuliza.

"Namzuia asije," akajibu, na wote wawili wakacheka, ingawa yeye hakucheka sana.

Siku moja alikuja nesi wa shule ya msingi iliyo ng'ambo ya soko. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na watoto, wazazi na walimu walimwita Sista.

"Mzee Sawasawa, dawa ya minyoo imefika shuleni, na mizani yetu imekufa," alisema. Akakunjua karatasi juu ya benchi. "Daktari anasema tunaweza kutumia kimo badala ya uzito. Mtoto anasimama kwenye fimbo, naangalia kichwa chake kimefika mstari gani. Chini ya huu, kidonge kimoja. Kati ya huu na huu, kimoja na nusu. Hapa viwili. Na kuendelea. Nataka fimbo sita, moja kwa kila mwalimu atakayenisaidia."

Sawasawa aliisoma karatasi mara mbili. "Na mtoto akizidishiwa?"

"Dawa hii ni kali kidogo. Akizidishiwa anaweza kutapika, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Wengine wana miili dhaifu, hatujui." Sista akaikunja karatasi. "Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mtu mwingine."

Ilikuwa sifa, naye akaipokea kama sifa. Akakata miti sita ya mbao laini, kila mmoja sentimita mia na themanini, akaipiga randa kwa mkono, akaisugua msasa hadi ikawa kama shavu la mtoto. Mistari ingeishia sentimita mia na sitini. Juu ingebaki nafasi ya sentimita ishirini, ya kushikia.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchora, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Asubuhi mashine haikuwaka, na karakana ilinuka plastiki iliyoungua. Sawasawa alisimama mlangoni dakika nzima akitafuta moto ambao haukuwepo.

Jirani yao, Fundi Redio, aliyekuwa na mashine ya aina hiyo hiyo, aliifungua, akanusa, akatikisa kichwa. Bodi, ubongo wa mashine, ilikuwa imekufa. Alikuwa nayo nyingine, iliyokwisha kutumika, akaifunga siku hiyo hiyo. Mashine ikawaka, lakini ikawa kama mgonjwa aliyezinduka asikumbuke nyumba yake ina vyumba vingapi.

Sawasawa alichora mraba wa milimita mia kwa mia, wa majaribio, akabonyeza, akarudi mlangoni. Kichwa cha leza kilichomoka kama panya aliyemwagiwa maji, kikapita katikati, kikaenda kujigonga kwenye fremu, na badala ya kusimama kikaendelea kusukuma. *Krrrrrr! Krrrrrr!* Mota inalia, mkanda unaruka meno, meza inatetemeka. Mpini wa ufagio ulikosa swichi mara mbili. Alipoipata, hakungoja kuona. Akatoka mbio hadi barabarani.

Mkewe alimkuta ameshika ufagio mbele ya geti. "Umefukuzwa na nani?"

Alikuwa akivihesabu vidole vyake. Nane. Vilikuwa vinane, kama jana.

Siku nne zilizofuata zilikuwa za kutafuta kasoro. Ya kwanza yeye na Fundi Redio waliipata upesi: programu ilikuwa imejirudisha kwenye inchi. Yeye aliandika mia akimaanisha milimita, yenyewe ikaelewa inchi mia, ambazo ni zaidi ya mita mbili na nusu. Kichwa kilikuwa kinajaribu kutoka nje kupitia ukutani. Wakabadilisha. Kelele ikapungua lakini haikwisha. Ya pili ilikuwa eneo la kazi. Meza ya mashine ilikuwa na milimita mia nne kwa mia nne, lakini bodi ile, iliyotoka kwenye mashine nyingine, iliamini ni mia nne na thelathini. Kila kichwa kilipofika ukingoni kilitafuta thelathini zaidi, *krrrrr*. Tena pembe ya kuanzia ilikuwa imehamia upande wa pili, hivyo ukikiambia kichwa njoo, kinakwenda.

Kila mlio ulimwingia Sawasawa mwilini. Alianza kulala vibaya, kula vibaya. Mkono wa kushoto uliuma pale pasipokuwa na kitu.

Siku ya nne Fundi Redio alimhurumia. "Mzee, acha kuhangaika na namba moja moja. Mashine yangu na yako ni mapacha. Chukua mipangilio yangu yote, uitie kama ilivyo." Akampa flashi.

Ilikuwa orodha ya mistari zaidi ya thelathini, na kila mstari namba. Sawasawa alitafuta anazozijua. Upana, mia nne. Urefu, mia nne. Milimita. Pembe ya mbele, kushoto. Nyingine hakuzijua, akaziacha zipite kama wageni wa mwenzake. Akatia mipangilio, akabonyeza, akarudi mlangoni.

Kichwa kikateleza taratibu, kikachora mraba, kikarudi nyumbani kwake, kikatulia. Hakuna mlio.

Kimya kile ndicho kilichomponza. Alikikaribisha kama mvua. Kwa mara ya kwanza tangu mashine iingie nyumbani alivuta kiti akakaa karibu nayo, na ule mraba wa majaribio aliutazama tu kwa macho. Hakuupima. Aliona una pembe nne na mistari imenyooka, akashukuru.

Fimbo sita zilimchukua siku mbili. Kwa kuwa meza ni fupi, alichora kila fimbo kwa vipande vinne. Anachora kipande, anausukuma mti, anaweka nukta ya mwanga juu ya mstari wa mwisho, anachora kipande kinachofuata kuanzia hapo. Fimbo ya kwanza ilipokamilika aliona nafasi ya juu ni kubwa kuliko alivyotarajia, zaidi ya shibiri. Akajiambia, nimekata miti mirefu. Ikapita.

Sista alikuja kuzichukua jioni ya siku ya pili. Alipitisha vidole juu ya mistari, akafurahi. "Zimependeza! Dawa tunaigawa kesho. Umezipima, mzee?"

Naye, kwa mazoea ya miaka arobaini, akachomeka penseli sikioni, akasema, "Sawasawa."

Hakuwa amepima hata moja.

Kesho yake asubuhi aliamka mwepesi. Alikuwa na kazi ndogo ya mshona nguo wa mtaa wa pili, aliyetaka kibao cha jina la duka lake ndani ya fremu. Fremu alikuwa ameitengeneza kwa mkono, nafasi yake sentimita ishirini na tano kwa kumi. Kibao akakikata kwa leza, kwa vipimo hivyo hivyo. Akakichukua akakitia ndani ya fremu.

Kikacheza. Kikagonga huku na huku kama jino bovu.

Kwanza alilaumu mkono wake. Akatoa rula ya chuma, akapima fremu. Ishirini na tano. Akapima kibao. Ishirini na nne. Akakigeuza, akapima upande mfupi. Kumi haikufika, ilikuwa tisa na milimita sita.

Akautafuta ubao wa ule mraba wa majaribio kwenye pipa la takataka, akaupangusa, akaweka rula. Milimita tisini na sita.

Alisimama na rula mkononi. Nje kulikuwa na mtu anapiga honi, na jikoni mkewe alikuwa anaosha vyombo, lakini sauti zote zilikwenda mbali. Nne katika kila mia. Si mshona nguo aliyemjia akilini. Alikiona kile kipande cha juu cha fimbo, kile kilichozidi shibiri. Miti haikuwa mirefu. Mistari ndiyo iliyosogeleana mno. Mtoto wa sentimita mia na ishirini, kwenye fimbo yake, angesomeka mia na ishirini na tano. Angevuka mstari usiokuwa wake na kupewa dawa isiyokuwa yake.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya dawa.

Akampigia Sista. Simu ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, na kidole kikawa kinateleza juu ya kioo kwa jasho.

Hapo ndipo hofu ya pili ilipomnong'oneza, nayo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu ilikuwa na sauti ya busara. Nne katika mia ni nini? Daktari lazima ameacha nafasi. Nani atapima fimbo? Ukienda kuwaambia, mtaa mzima utajua kwamba neno lako ni bure. Ukikaa kimya, pengine hakuna litakalotokea. Pengine.

Mkewe aliingia akipangusa mikono, akamwona uso. "Umeumia?" Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye vidole.

"Fimbo," alisema Sawasawa. "Zile fimbo ni fupi. Sikuzipima. Nilimwambia nimepima."

Mkewe hakuuliza fupi kiasi gani. "Na bado umesimama hapa?"

Alichukua baiskeli. Shule ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu mwenye afya, naye alikuwa na rula ya chuma ndani ya shati inayomkwaruza kifua, na tepu mfukoni inayogonga paja kila anapokanyaga pedeli. Soko lilikuwa limefurika. Alipiga kengele, akapiga kelele, akamgusa mtu wa mkokoteni akatukanwa, hakugeuka. Kichwani watoto walikuwa wanapanga foleni, mmoja mmoja, wanavua viatu, wanasimama wima kama walivyofundishwa ili waonekane warefu. Mtoto gani hapendi kuonekana mrefu?

Alipoingia getini alisikia kwanza vicheko. Foleni sita zilikuwa chini ya paa la ukumbi wa shule, na mbele ya kila foleni mwalimu ameshika fimbo. Sista alikuwa mezani na kopo la vidonge na jagi la maji. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kufungua kinywa.

"Acheni!" Sauti ilimtoka ikiwa imepasuka. "Simamisheni! Asimeze!"

Mtoto yule alibaki kinywa wazi, kidonge juu ya ulimi. Sista alikinga kiganja chini ya kidevu chake. "Tema," alimwambia taratibu. Mtoto akatema. Kisha Sista akamgeukia Sawasawa, na hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba jambo limeharibika.

"Fimbo zina makosa," Sawasawa alisema mbele ya walimu na watoto wote. "Zinamwonyesha mtoto mrefu kuliko alivyo. Kosa ni langu. Nilikuambia nimepima, sikupima."

Mwalimu mkuu, mwanamume mnene mwenye tai, alisogea. "Mzee, unaelewa unachosema?"

"Naelewa."

Sista hakupoteza muda kwa hasira. "Wangapi wameshameza?" aliuliza, akajijibu kwa kuangalia daftari. "Thelathini na mmoja. Waleteni wote hapa. Wote, hata waliorudi darasani. Mzee, tepu unayo?"

Sawasawa akaibandika tepu ukutani kwa misumari minne. Wakapima upya. Sista anasoma, mwalimu anaandika, Sawasawa anashika rula bapa juu ya vichwa vya watoto, kichwa baada ya kichwa, nywele zenye vumbi, nywele zilizosukwa. Kila jina lilipoitwa aliomba liwe salama. Walio wengi walikuwa salama, kwa sababu mahali walipoangukia hapakuwa karibu na mstari. Lakini tisa walikuwa wamepewa nusu kidonge zaidi ya haki yao.

Sista alimpigia daktari simu akiwa ameweka mkono mmoja juu ya paji la uso. Alisikiliza kwa muda mrefu. "Ndiyo. Ndiyo, daktari. Tisa." Alipokata alisema, "Anasema tuwape chakula na maji, tukae nao hadi alasiri. Kwa kawaida nusu kidonge haileti madhara makubwa. Ila tuwaangalie."

Kwa kawaida. Sawasawa alilishika neno hilo kama mtu anayeshika tawi bila kujua kama litahimili.

Watoto tisa walikalishwa ofisini kwenye mikeka. Wanane waligeuza jambo hilo kuwa sikukuu. Walikosa hesabu, wakaletewa uji na mikate. Wa tisa alikuwa binti wa mwoka mikate, wa miaka minane, mwembamba, mwenye pengo mbele. Hakugusa uji. Kitambo kidogo baadaye alisema anaona ukuta unazunguka, kisha akatapika, kisha macho yakapanda juu na akalala ubavu kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

"Mtoto!" Sista alikuwa chini tayari, vidole shingoni mwake. "Nipeni nafasi. Mwiteni baba yake. Mwambieni daktari aje."

Sawasawa alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati la vitabu. Hakuweza kutazama na hakuweza kutotazama. Kifua cha mtoto kilipanda na kushuka upesi upesi. Alikumbuka jinsi damu yake mwenyewe ilivyochelewa kutoka siku ile ya msumeno, jinsi kwa nukta moja aliutazama mkono akadhani hakuna kilichotokea. Akamwomba Mungu achukue vidole vilivyobaki, vyote vinane. Aliomba hivyo kwa dhati, kama mtu anayetaja bei.

Mwoka mikate alifika na unga hadi viwikoni. Alipiga magoti, akaita jina la utani la binti yake, "Kipenga, Kipenga wa baba," na mtoto akafumbua macho nusu, akayafumba tena. Yule baba akainua uso.

"Nani aliyetengeneza hizo fimbo?"

Mwalimu mkuu alifungua kinywa, lakini Sawasawa alimtangulia. "Mimi."

Mwoka mikate alisimama. Alikuwa mtu mwenye mabega ya kukanda unga miaka ishirini, na Sawasawa alijua kwamba akipigwa hatajikinga.

"Mlango wa tanuri langu uliutengeneza wewe," yule baba alisema. "Nilimwambia kila mtu."

Basi. Akarudi kumshika binti yake mkono. Afadhali angepiga.

Daktari alikuja kwa pikipiki, akamulika macho ya mtoto, akasikiliza moyo, akaminya tumbo. "Amekula nini asubuhi?"

Mwoka mikate alisita. "Alichelewa kuamka. Nadhani hakula."

"Mwoka mikate na mtoto hajala," daktari alinung'unika, akamchanganyia maji yenye sukari na chumvi, akamnywesha kijiko kimoja kimoja. Kama ilikuwa nusu kidonge ile, au njaa, au vyote viwili, hakusema, na Sawasawa hakuthubutu kuuliza. Mpaka leo hajui.

Walikaa. Kengele ya mapumziko ililia, ikalia ya kurudi. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi lingine. Sawasawa alikaa sakafuni upande wa pili wa mkeka, na kila kifua cha mtoto kilipochelewa kupanda, chake nacho kilisimama kungoja. Watoto wanane waliruhusiwa mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa karibu saa tisa Kipenga alipokaa, akapangusa mate, akawatazama watu wazima waliomzunguka.

"Uji wangu kaunywa nani?" aliuliza.

Baba yake alicheka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifunika uso kwa mikono yake yenye unga.

Alirudi nyumbani akikokota baiskeli, fimbo sita zimefungwa nyuma kwa kamba. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba shule itatafuta fundi mwingine. Sista alimsindikiza, na geti lilipokaribia akasema, "Mizani mpya itachukua miezi miwili. Dawa inaisha muda mwezi ujao. Niletee nyingine, mzee. Safari hii nitapima mwenyewe."

Fundi Redio aliposikia aliruka kutoka kwenye kiti. Kati ya namba zile ambazo Sawasawa aliziacha zipite, moja ilisema mota ipige hatua ngapi ili kichwa kisogee milimita moja. Ya Fundi Redio ilikuwa sabini na sita nukta nane, kwa sababu mashine yake aliifungia magurudumu mengine ya mkanda mwaka uliopita, akasahau. Mapacha walikuwa wametofautiana viatu.

"Nisamehe, mzee wangu. Mimi ndiye niliyekupa sumu."

"Wewe ulinipa namba," Sawasawa alijibu. "Kupima ilikuwa juu yangu."

Wakakokotoa kwa penseli juu ya ubao. Ulizoomba ni mia, ulizopewa ni tisini na sita. Zidisha sabini na sita nukta nane kwa mia, gawanya kwa tisini na sita. Themanini kamili. Wakaiandika. Sawasawa alichora mraba, akapima kwa rula ya chuma, milimita mia. Akachora mwingine kwenye pembe ya mbali ya meza, mia. Akachora mstari mrefu wa mia tatu na hamsini, akamwita mkewe aje na tepu yake ya kushonea apime bila kuambiwa jibu.

"Sentimita thelathini na tano," mkewe alisema. "Nimekosea?"

"Hapana. Pima tena."

Akapima tena. Akapima mara ya tatu kwa ajili yake, maana aliona mume wake anataka na anaona haya kuomba.

Fimbo zile za kwanza alizikata vipande vipande akazichoma uani. Mpya alizipima kila kipande kabla ya kuusukuma mti, na hofu alikaa nayo bega kwa bega siku tatu zote. Haikupungua. Kila mstari ulimwonyesha kifua chembamba kinachochelewa kupanda. Usingizini alisikia mlio wa mota, na asubuhi akapima upya zile alizopima jana.

Alizipeleka shuleni wiki iliyofuata. Sista alikuwa ameazima tepu mbili, moja ya chuma na moja ya kitambaa. Alizilaza fimbo sakafuni ukumbini, akapiga magoti, akazipitia moja baada ya moja, mstari kwa mstari, mbele ya mwalimu mkuu aliyekunja mikono. Ilichukua karibu saa nzima. Sawasawa alisimama pembeni kofia mkononi. Sista alipofika ya nne alirudia mstari mmoja mara mbili. Sista aliinama zaidi, akapuliza vumbi chini ya tepu, akaendelea.

Alipomaliza alisimama, akapangusa magoti. "Mwalimu mkuu, hizi nazikubali. Umezipima, mzee?"

Sawasawa aliishika penseli iliyokuwa mfukoni, akaiacha. Akatikisa kichwa kukubali.

Watoto waliletwa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mvulana mnene aliyevua viatu kwa haraka na kujinyoosha hadi shingo ikatoa mishipa. Mwalimu akashusha rula juu ya kichwa chake, Sista akasoma namba, akahesabu vidonge kwenye kiganja. Mvulana akameza, akakunja uso kwa uchungu, akakimbia kunawa mdomo bombani.

Sawasawa hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la ukumbi hadi mtoto wa mwisho, na baada ya mtoto wa mwisho alikaa saa nyingine mbili, akiwatazama wakicheza mpira uwanjani, akimtafuta yeyote atakayekaa chini.